Mlango Ulioletwa na Mkwe

Jumatatu, tarehe 4 mwezi wa tatu

Nesi wa tansiyo, presha ya damu, alisema niandike kila siku kama nimemeza dawa. Nimemeza. Alisema tena, wasiwasi ukinishika niuandike na wenyewe, utapungua. Mimi sikusoma sana, niliachia mwaka wa tatu kule Kamanyola, lakini herufi ninazijua. Basi naandika.

Wasiwasi ni huu. Jana Ghislain, mume wa binti yangu Benitha, alikuja hapa Kamembe na moto yake, ile pikipiki, kumtaka mke wake. Benitha yuko kwangu tangu mwezi wa kwanza. Alikuja na mtoto mgongoni na mfuko mmoja, mpaka leo hajaniambia sababu. Nikimuuliza anasema, "Maman, acha nipumuzike." Jana mimi nilikuwa ningali kanisani na wamama wa kikundi. Ghislain akagonga, Benitha akakataa kufungua, naye akaupiga mlango kwa teke. Niliporudi nilikuta mlango umelala sebuleni, umepasuka katikati, majirani wamejaa. Ghislain alikuwa amekaa juu ya jiwe inje, analia.

"Unisamehe, Maman. Ni shetani."

Akapanda moto yake akaenda. Benitha nilimkuta jikoni nyuma, amemshika Gasaro mtoto wake. Yeye hakulia.

Sasa mlango wangu ni turubai. Na mvua ya mwezi wa tatu imeanza.

Jumanne, tarehe 5

Nimemeza. Turubai linapigwa na upepo kama muntu anayeingia. Mimi sikulala. Benitha alilala kama mtoto aliyeshiba, mpaka nikamwamsha kwa ajili ya uji.

Alhamisi, tarehe 7

Shemeji Munyemana alifika kutoka Nzahaha, na viatu vimejaa udongo wa shamba. Ni mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye mdomo wa familia yetu. Alizunguka ule mlango uliopasuka kama muntu anayenunua ng'ombe, halafu akaketi.

"Kijana amekosa," alisema. "Lakini ndivyo nyumba zinavyojengwa. Nimewatumia watu wao neno. Waje na wazee, waje na pombe, waombe radhi kama inavyofaa, wamrudishe mke wao kwa heshima. Mwanamke haendi kuchukuliwa kama mbuzi aliyekata kamba."

Moyo wangu ulitulia. Ghislain ana kazi kule mpakani Ruhwa, anapakia mizigo ya wachuuzi, na nyumba yake ni ya matofali. Mtoto ana baba. Nilimwambia shemeji asante.

Benitha alikuwa anachambua maharagwe. Akasema bila kuinua kichwa, "Sirudi."

Munyemana akamwambia, "Hujaulizwa bado."

Ijumaa, tarehe 8

Nimemeza. Moto ya Ghislain ilisimama barabarani, ikapiga honi, ikaenda. Aliacha mkate na maziwa ya Gasaro kwa jirani. Benitha alimpa mkate ule mbuzi wa jirani. Nilimkemea, chakula hakina kosa.

Jumamosi, tarehe 9

Leo nilipata furaha. Wanaume wawili walishuka kutoka kamionete, gari dogo la mizigo, na mlango vichwani. Mlango wa mbao ya libuyu, ile nzito ya Kongo, umepakwa rangi ya kahawia mpaka unang'aa. Wakasema, "Ni mkwe wako amekutumia. Amesema alivunja, analipa."

Nililia kidogo, kwa furaha. Nikasema huyu kijana ana roho, shetani alipita tu. Wale wanaume walikuwa wamelowa jasho, nikawachotea bushera, uji baridi wa mtama. Mmoja akaniambia, "Maman, mukwe huyu anakupenda kuliko anavyopenda bibi yake." Tukacheka. Wakarudia kikombe, wakaenda.

Benitha aliuona ule mlango akiwa jikoni. Alimbeba mtoto akakaa naye inje kwenye manyunyu, na hakula. Nikafikiri ni kiburi. Nikafikiri, mtoto wangu amekuwa na moyo mgumu, kwa nani alijifunza.

Jumapili, tarehe 10

Munyemana alipiga simu mbele sijaenda kanisani.

"Umewanywesha waliobeba?"

"Walikuwa na kiu, shemeji."

"Maman Benitha, wewe ni mukubwa na haujui hiyo? Muntu akileta kitu cha kuomba radhi, unakiweka inje, unamwambia tutasema. Ukimunywesha, umepokea. Wamerudi kule wamesema, wamepokea mpaka wamecheka."

Mimi niliwapa watu wenye kiu kinywaji tu. Lakini ni kweli, mama yangu angenishika mkono. Sasa Karangwa, mjomba wa Ghislain, amesema watakuja Jumatatu ya Pasaka, mbele ya wiki ya mwezi wa nne ya kuwaomboleza waliouawa nchini, kwa sababu wiki ile hakuna kukusanyika kwa pombe. Na wanataka wakute mlango wao umesimama, wapite ndani yake. Wakipita, maneno yamekwisha, wanaondoka na Benitha.

Munyemana akasema tafuta fundi.

Nimemeza. Kichwa kinapiga.

Jumanne, tarehe 12

Fundi amekuja. Ni Mzee Kamali wa kule kwa Waislamu. Alitengeneza madirisha ya kanisa letu, kwa hiyo ninamjua. Mfungo wao umeanza, alikuja na midomo mikavu, hata maji hakutaka. Aliigonga kadre yangu, fremu ya mlango, kwa mpini wa patasi, juu, katikati, chini. Juu ilijibu ko, ko. Chini ilijibu kama boga.

"Maman Benitha, kadre yako inaumwa miguu."

"Mchwa?"

"Mchwa, na mvua inayoruka kutoka kwenye ngazi. Nani alipaka rangi hii?"

"Marehemu. Kila Krismasi."

"Mungu amurehemu. Alipaka vizuri. Rangi ndio ilikuwa inabeba nyumba."

Alitundika uzi na jiwe juu ya kizingiti. Uzi ukasimama wima, kadre ikabaki imeegemea upande. Ni tangu lile tetemeko kubwa, nyumba zetu nyingi hapa zimelegea shingo. Akasema mlango mpya ukiwekwa hivyo hautafunga, utakuwa unajifungua wenyewe kama kuna muntu anayeusukuma. Niliposikia hivyo nilishika kifua.

"Kwanza kadre," akasema. "Mulango ni mugeni. Mugeni hakai kwenye kiti kilichovunjika."

Jumatano, tarehe 13

Mvua. Fundi hakuja. Nimemeza.

Ijumaa, tarehe 15

Mzee Kamali anang'oa misumari ya zamani. Siku zingine anashika misumari kwa midomo, mwezi huu wa mfungo anaweka ndani ya kofia yake juu ya meza. Gasaro anaingiza mkono katika kofia, anapewa msumari mmoja mbovu, anafurahi.

Benitha ananisaidia kukwangua rangi kwa kipande cha chupa. Chini ya kahawia kuna kijani, chini ya kijani kuna nyeupe. Anakwangua kwa nguvu mpaka vidole vinatoka damu. Nilimwambia polepole. Akasema, "Maman, hii kadre si nilikuwa naipimia urefu wangu?" Ni maneno mengi zaidi aliyosema wiki hii. Nikataka kuendelea, nikamuuliza, "Na kule kwako kadre ni ya nini, ya chuma ao ya mbao?" Akaenda kunawa.

Jumamosi, tarehe 16

Moto ilisimama tena. Safari hii Ghislain alishuka, akaja mpaka kwenye ngazi, na shati nyeupe. Akamsalimia fundi. Akanisalimia kwa mikono miwili.

"Maman, kazi inaendelea?"

"Inaendelea, mwanangu. Mvua inatuchelewesha."

"Ikisumbua, muache. Mimi nitaleta watu wangu, wataweka kwa siku moja." Alikuwa anachungulia juu ya bega langu. "Benitha yuko?"

"Ameenda kuchota maji."

Benitha alikuwa nyuma ya pazia la chumba. Sijui kwa nini nilisema uongo. Mimi ndiye ninayetaka arudi. Lakini macho ya Ghislain yalikuwa yanahesabu nyumba yangu, na uongo ukatoka wenyewe.

Jumatatu, tarehe 18

Fundi amekata miguu ya kadre iliyooza, ameikata mshazari, akaunganisha vipande vya libuyu kavu kwa gundi na vigingi vya mbao. Msumari unashika kutu, anasema, kigingi kinavimba pamoja na ubao. Ameegemeza kadre yote na nguzo mpaka gundi ishike. Tunapita kwa kuinama, kama watu wanaoingia kwa mfalme.

Nimemeza.

Jumanne, tarehe 19

Mvua. Mafuriko mpaka kwenye ngazi. Gundi inakataa kukauka.

Alhamisi, tarehe 21

Tangu mlango uvunjike mimi nalala kwa vipande vipande. Nikisikia mbwa, nakaa. Nikisikia ndege ya asubuhi ikishuka uwanjani nasema asante Mungu, kumekucha. Benitha amelala mita chache kutoka kwenye turubai na hata hageuki. Leo nilimuuliza, "Wewe hauogopi? Nyumba haina mlango, na yule alishavunja mara moja."

Akafikiri. "Hapa ninalala, Maman."

Nikasema moyoni, basi huyu hamwogopi mume wake. Kama angemwogopa angelala hivi? Nikampigia Munyemana nikamwambia nafikiri ni hasira tu, ataenda. Akasema, "Nilikuambia."

Ijumaa, tarehe 22

Kadre imekauka. Fundi ameondoa nguzo, ameisukuma kwa kabari ndani ya ukuta mpaka uzi wa jiwe umekubali pande zote. Miguu ameipaka vidanji, mafuta machafu ya gari, mchwa hawayapendi. Nyumba inanuka garaji. Kesho anapima mlango.

Jumamosi, tarehe 23

Nimemeza mara mbili. Nesi asinigombeze.

Mzee Kamali aliulaza mlango wa Ghislain juu ya benchi mbili hapo inje, chini ya paa. Ulikuwa mpana kupita kadre. Akasema kadre haikatwi tena, itapunguzwa mlango. Akaanza na randa pembeni. Mimi nilikuwa nachemsha viazi. Nikasikia randa imesimama. Ikaenda kidogo, ikasimama.

"Maman Benitha, kuja."

Alikuwa ameanza kukwangua rangi kwenye uso wa inje, mahali ambapo inakuwa na matone. Chini ya rangi kulikuwa na viduara vya mastike, ile wanayojaza nayo matundu. Juu kulikuwa na viduara hivyo, na chini hivyo hivyo, na pembeni yake ubao umeingia ndani kidogo, alama ya chuma iliyokaa pale siku nyingi.

"Mulango huu si mupya," alisema. "Umepakwa rangi tu. Ulitoka mu nyumba gani?"

"Hawakuniambia."

"Hizi zilikuwa pete za kadena." Kadena ni lile kufuli la kuning'inia. "Moja juu, moja chini, zote kwa inje."

"Labda ulikuwa mlango wa depo, stoo ya mizigo."

Aliugeuza. Kwenye uso wa ndani hakukuwa na kitu. Hakuna tundu la komeo, hakuna alama. Lakini chini kabisa, chini ya goti la muntu, rangi ilikuwa nene kuliko mahali pote. Akakwangua kidogo pale, akaacha, akanipisha niangalie. Ubao ulikuwa umechubuliwa mistari mistari. Si panya. Panya anatafuna pembe. Hii ilikuwa katikati, kama kijiko kimekwangua pale, siku baada ya siku.

Fundi akakunja kitambaa chake. Akasema anaenda kuswali. Haikuwa saa ya kuswali.

Benitha alikuwa nyuma yangu. Sijui alisimama pale tangu lini.

"Ni mulango wa chumba chetu," alisema.

Nikamwambia kaa. Hakukaa. Aliongea amesimama, akiangalia ubao.

"Asubuhi akienda Ruhwa anafunga. Alianza na moja. Nilipopiga kelele akaongeza ya chini. Anasema ni juu ya wezi. Chakula anaacha mu sahani, na ndoo. Gasaro alikuwa anacheza na kijiko hapo chini, anafikiri kuna muntu upande wa pili, anamugongea. Siku ile alikuwa na haraka, akasahau ya juu, na ya chini haikushika vizuri. Ndio nilitoka."

"Tangu lini?"

"Tangu Gasaro anaanza kutambaa."

Sasa Gasaro anakimbia.

"Benitha. Juu ya nini haukuniambia?"

"Ulisema ana nyumba ya matofali." Halafu akasema polepole, si kwa kunichoma, "Na siku ulipouona huu ulilia kwa furaha, Maman."

Ndiyo sababu mtoto wangu analala. Nyumba yenye turubai, muntu anaweza kutoka wakati anapotaka.

Viazi viliungua. Tulikula hivyo hivyo. Ninajiuliza kitu kimoja. Ghislain alipoutuma mlango huu alisahau ni mlango gani, ao alitaka Benitha autambue?

Jumapili, tarehe 24

Nilimpigia Munyemana baada ya ibada, nikamwambia yote.

"Maneno kama hayo si ya simu," alisema. "Wanaume wengi wanafunga nyumba zao. Karangwa ni muntu wa heshima, tayari amenunua pombe. Usiniaibishe mbele ya wageni."

"Shemeji, alimfungia na mtoto."

"Umewanywesha waliobeba. Mimi nitasema nini?"

Jumanne, tarehe 26

Nimemeza. Tansiyo iko juu, nesi amenibadilishia kidonge. Ameuliza nini kinakusumbua. Nimesema mlango. Akacheka, "Maman, mlango tu?"

Jumatano, tarehe 27

Fundi alirudi. Hakugusa ule mlango. Alijaza matundu ya bawaba za zamani kwenye kadre kwa vijiti na gundi, akavikata sawasawa, akapitisha kiganja akiwa amefumba macho.

"Niuweke?" aliniuliza.

Nikafagia vipande vya vijiti chini ya kadre.

"Mimi nimeitwa kwa kadre na mulango. Kadre inakwisha leo. Kadre ni yako, haina mukwe. Mulango ndio una mwenyewe." Alivaa kofia yake. "Mimi na mke wangu Zulaikha tuna mabinti watatu. Nilimwambia maneno haya jana tukifuturu, hakumaliza uji wake."

Nikamwambia atoboe mastike yote, matundu yabaki wazi, na kule chini aondoe rangi. Aliifanya bila kuuliza.

Ijumaa, tarehe 29

Ijumaa Kuu. Moto ilipita mara nyingi. Haikusimama.

Jumapili, tarehe 31

Pasaka. Nimemeza. Sikusikia mahubiri. Benitha amemsuka Gasaro nywele na amefunga vitu vyao ndani ya ule mfuko. Nikamuuliza unaenda wapi. Akasema, "Wakikubali kesho, nitapita nyuma, kwa migomba. Sitapita pamoja nao." Nikamsaidia kufunga. Nikaweka ndani kitenge changu kizuri.

Jumatatu, tarehe 1 mwezi wa nne

Naandika polepole.

Walikuja mvua ikiwa imepungua. Karangwa mbele na fimbo yake, ni mzee mwembamba mwenye sauti ya chini. Ghislain na koti. Wazee wengine wa kwao, na vijana wamebeba kreti za bia na jagi la urwagwa, pombe ya ndizi. Munyemana aliwapokea na watu wetu wa Nzahaha. Walipofika kwenye ngazi wakasimama. Kadre ilikuwa imesimama safi, imenyooka, na katikati yake hakukuwa na kitu. Ule mlango niliuegemeza ukutani sebuleni, uso wa inje unaangalia viti.

"Hamujauweka," Karangwa alisema.

Munyemana akaniangalia vibaya. "Mvua," akawaambia. "Karibuni hivyo hivyo."

Wakaingia. Maneno yalikwenda kama yanavyokwenda. Karangwa akasema tulipoteza ndama wetu, tumesikia yuko kwenye malisho yenu. Watu wetu wakasema sisi hatukuona ndama, tuliona mlango uliovunjika. Wakacheka. Karangwa akasema mvunjaji amekuja na magoti. Ghislain akapiga goti vizuri, akaomba radhi kwa mlango, kwa kelele, kwa aibu. Kwa mlango, kwa kelele, kwa aibu. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wanawake, nikasikiliza kama atataja kitu kingine. Hakutaja.

Munyemana akashukuru. Akachukua chupa ya kwanza, kijana akampa kifungulio. Ikifunguliwa na mdomo wetu ukinywa, hakuna neno tena.

Nikasimama.

"Shemeji. Mbele haujafungua."

"Maman Benitha, kaa."

"Nitakaa. Niliwanywesha waliobeba, hilo ni kosa langu, mimi nilipokea mlango. Sasa ninauliza juu ya kitu nilichopokea. Fundi ameshindwa kuuweka. Hajui upande gani ni wa ndani."

Wanaume wakauangalia mlango. Munyemana alikuwa ameshika chupa. Ni mkulima, kitu anakiamini akikigusa. Akainuka, labda ili mambo yaishe haraka, akaingiza kidole katika tundu la juu. Akainama, akaingiza katika la chini. Halafu akaugeuza mlango, akaona kule chini. Alichuchumaa pale. Alikaa amechuchumaa muda mrefu kwa muntu wa magoti yake.

"Hii ni nini?" akamuuliza Ghislain.

"Ni wezi, Mzee. Kule kwetu wezi ni wengi. Ulikuwa mulango wa chumba, nilikuwa natunza vitu."

"Mwizi anafungiwa inje," Munyemana akasema. "Huku ndani kuna mikwaruzo. Ulikuwa umefungia nani ndani?"

Mvua ilirudi juu ya mabati. Karangwa aligeuza kichwa polepole.

"Ghislain, mwanangu. Ni kweli?"

Alikuwa na nafasi. Mpaka sasa ninafikiri, kama angelia kama alivyolia juu ya jiwe, wale wanaume wangemhurumia, na mimi na maneno yangu tungeshindwa. Lakini alikasirika. Alisimama kutoka kwenye goti lake.

"Ni bibi yangu. Nilimuoa. Mulango ni wangu na bibi ni wangu, mutaniuliza juu ya kadena yangu?"

Munyemana akairudisha chupa kwenye kreti, akaipanga vizuri katika shimo lake. Akaita, "Benitha."

Benitha akatoka jikoni na mtoto mgongoni na mfuko mkononi.

"Siku ile nilikuambia haujaulizwa. Sasa ninakuuliza, mtoto wangu, mbele ya hawa."

"Sirudi, Papa."

"Mumesikia," Munyemana akawaambia.

Karangwa alisimama kwa fimbo. Hakusema neno baya. Akawaambia vijana wabebe pombe, halafu akamwonyesha Ghislain mlango kwa fimbo. "Na wewe, beba chako. Wewe mwenyewe." Ghislain akasema atatuma watu. Mjomba wake akabaki anamwangalia tu, wazee wote wanangoja, mpaka akauinua juu ya kichwa na koti lake. Upana wake ulikwama kwenye kadre. Ilibidi aulaze, atoke kwa ubavu, matope yanamrukia suruali. Kamionete yao ilikuwa imeachwa juu barabarani. Majirani wote walitoka.

Munyemana alikunywa maji tu. Akasema, "Nilikukataza kusema." Halafu akasema, "Umefanya vizuri kusema mbele sijafungua. Mimi ningefungua."

Jumanne, tarehe 2

Shemeji alilala hapa, ametupeleka mimi na Benitha kwa wakubwa wa mudugudu, viongozi wa mtaa wetu, Benitha akaeleza mwenyewe. Wamesema Ghislain akionekana hapa tuwaite. Moto ilipita jioni, haikupiga honi. Nimemeza. Ninaogopa bado. Kuogopa huku ni kwingine, ninajua ninaogopa nini.

Alhamisi, tarehe 4

Mvua. Mzee Kamali anatengeneza mlango kwake, wa mbao za kawaida za grevilea. Amesema libuyu umetosha.

Ijumaa, tarehe 5

Mlango umewekwa. Hauna rangi. Uliingia ndani ya kadre bila kusukumwa, ukakaa, na Mzee Kamali akautia mwanga wa tochi pembeni, akaona unapita sawa juu mpaka chini. Ukiuachia katikati unabaki katikati, haujifungui. Nilijaribu mara nyingi mpaka akaniambia, "Maman, umuache apumuzike."

Likabaki komeo. Fundi alizoea kuliweka kwenye urefu wa mwenye nyumba, mimi ni mfupi, akanipimia hapa chini ya bega. Halafu akasita. Akampa Benitha lile komeo mkononi.

"Shika pahali unapotaka, mwanangu. Upande huu, wa ndani."

Benitha alilishika juu ya ubao. Akalishusha, akaangalia Gasaro, ambaye siku hizi anafungua kila kitu, akalipandisha. Akalipandisha tena kidogo. Alisukuma ulimi wa chuma kwa kidole gumba, ukaenda, akaurudisha, ukarudi.

"Hapa," alisema.

Mzee Kamali akatia alama kwa penseli. Akachukua misumari ya skrubu kutoka kwenye kofia yake, moja moja, akakaza.

Nimejaribu kulifunga. Inabidi nisimame kwa vidole vya miguu. Nitazoea.